Tepu ya Fundi

Muuguzi alikuwa amekwisha kuvuta sindanoni kwinini ya mtu wa kilo sitini na mbili. Huo ndio uzito wa Zubeda, binti yangu mnene wa miaka tisa, aliyekuwa akitetemeka kwa malaria.

"Ongeza kidogo, sista," nikamsihi. "Huyu ni mkubwa."

Akasita. "Mama, niazime tepu yako ya kupimia."

Nikaivua shingoni. Sisi mafundi wa nguo wa Shianda humpima mtu kiuno kwanza. Yeye alimpima Zubeda kutoka kisigino hadi utosini, kisha akatazama ukutani chati ya uzito unaofaa kila urefu.

"Mafuta hayabebi dawa hii," akasema. "Na moyo wake bado ni wa mtoto; dozi ya mtu mzima ingeweza kuusimamisha."

Akasukuma sindano. Dawa ikadondokea kwenye pamba, tone baada ya tone, mpaka ikabaki nusu.

"Subhanallah," nikanong'ona.

Pamba ilikuwa imelowa chapachapa, nami nilikuwa nimeomba aongeze.