Kutu ya Nereida

Nilikuwa nimesugua kutu yote ubavuni mwa chombo cha anga hadi kikang'aa kama sufuria mpya, pale Nereida, fundi wa rangi, alipotokea na kahawa yake.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya usafi katika bustani ile ya burudani, Orlando. Kesho kutwa wangefungua sehemu mpya, mji wa sayari ya mbali.

"Nimekutolea uchafu wote, mama," nikamwambia kwa kujivuna.

Akaweka kikombe chini. "Babu wee! Ile kutu nimeipaka mimi. Wiki nzima, kwa brashi nyembamba kama mswaki."

Msimamizi alikuwa anakuja, na juzi tu alimfukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hili.

"Nani kafuta hapa?" akafoka.

Nereida akaitazama mikono yangu, imechubuka vidoleni, povu bado linachuruzika viwikoni.

"Nilimwambia mimi afute," akasema. "Ile ilikuwa kutu ya miaka mia. Chombo hiki kimesafiri miaka elfu, lazima nikipake kutu nzito zaidi."

Msimamizi akakuna kidevu. "Na utamaliza peke yako?"

"Tupo wawili," akajibu, akanitia brashi mkononi.