Kidude Kinachokula Betri

"Nipe kile kibaya," mzee Mimuro alisema.

Bi Ritsue alidhani treni ndiyo iliyomziba masikio. Vibanda vya vipuri pale Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme, vimejibana chini ya reli, na kila treni ikipita juu, vidude vyote hutetemeka ndani ya droo zao. Alingoja kelele zipite.

"Umesemaje, mzee?"

"Kidhibiti volti. Nipe cha kizamani, kile kinachokula betri."

Haya, makubwa! Tangu mumewe afariki na kumwachia kibanda, Bi Ritsue alikuwa ameuza vidude hivyo vya miguu mitatu, vinavyopima umeme wa betri usizidi, kwa kila aina ya watu, lakini hajawahi kumwona mtu anayeomba kinachofuja umeme. Tena huyu si mbumbumbu. Mzee Mimuro alijenga madaraja maisha yake yote.

Mzee akafungua kitambaa chake cha buluu na kuweka kalkuleta mezani, ileile nene ya enzi za kazi. Mgongoni alikuwa ameibandikia kisanduku alichokitengeneza kwa mikono yake. Kila asubuhi alibonyeza alama ya sawasawa, na kisanduku kikatuma ujumbe kwenye simu ya binti yake Chihaya, muuguzi kule mbali Sapporo: Baba ameamka. Wazee wengine wanaokaa peke yao hununuliwa na watoto wao birika la chai linalotuma ujumbe kama huo kila likitumika. Mimuro alikataa birika. Alisema yeye ni fundi, atajiundia chake.

"Hiki kilichomo kina ubaya gani?" Bi Ritsue aliuliza. "Si nilikuuzia mwenyewe mwaka jana?"

"Hakina ubaya. Betri haijaisha hata mara moja."

"Sasa?"

"Nataka kama kile cha mwanzo."

"Kile kilichomaliza betri kila baada ya wiki chache? Mzee, umesahau balaa lake?"

"Sijasahau." Mzee akatabasamu. "Mara ya mwisho ilipoisha, Chihaya alidhani nimekufa. Alinipigia simu huku analia, nusura apande ndege. Nilipopokea akanigombeza mpaka chai yangu ikapoa. Eti mbona nakula tambi za pakiti, mbona sivai soksi za sufu."

"Uwii, maskini mtoto wa watu! Halafu unataka kumrudisha hukohuko? Basi kama una neno naye, si umpigie tu?"

Mzee alikunja kitambaa, akakikunjua tena.

"Hospitali ana zamu, nyumbani ana watoto wawili. Mzee mzima mimi nikamsumbue kwa lipi?"

Bi Ritsue aliyajua hayo. Yeye mwenyewe alipoteguka mguu alichechemea mpaka ukapona, asimwambie hata jirani. Kuwa mzigo kwa watu ni aibu, na aibu hiyo wote wawili walinyonya ziwani.

Lakini moyo ulimuuma. Aliitazama kola ya mzee, imepinduka upande na hakuna wa kumwekea sawa. Akajisemea, ndio uzee huu, akili nayo inaanza kuaga. Leo anaomba kibovu, kesho atasahau njia ya nyumbani. Na siku betri ikiisha, yule binti atapasuka moyo bure.

"Haya bwana, mteja ni mfalme," alisema.

Akainama kwenye droo ya chini, ile ya vitu vya kizamani. Ila mkono wake ulipotea njia kwa makusudi. Ukaingia droo ya juu, ukatoa kidhibiti kipya kuliko vyote, ambacho kikilala hakinywi hata tone la umeme. Sura ni ileile, miguu ni ileile mitatu, na maandishi yake madogo kama mayai ya chawa. Macho ya mzee yasingeyaona. Akakifunga kwenye pakiti na kutoza bei ya kile cha kizamani. Marehemu mumewe naye hakumwacha mteja aondoke bila kumwongezea kidogo.

Jioni ile alifunga kibanda huku akiimba. Ulikuwa muda mrefu hajamfaa mtu.

Mzee Mimuro alirudi baridi ilipoanza kuuma. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika mfuko wa machungwa madogo, maana mtu muungwana haendi kulalamika mikono mitupu.

"Bi Ritsue, samahani sana. Nadhani ulikosea droo."

Bi Ritsue akacheka, akaona heri aseme ukweli. "Sikukosea, mzee wangu. Nilikupa kizuri. Usinishukuru, weka machungwa yako."

"Kumbe."

"Kimekufa?"

"Hapana. Kinafanya kazi vizuri sana."

"Na betri?"

"Imejaa kama siku ya kwanza. Kila asubuhi nabonyeza, taa inawaka, ujumbe unaondoka. Nilimwahidi binti yangu kubonyeza kila siku, na sijaruka hata asubuhi moja."

"Sasa shida iko wapi, jamani?"

Treni ilipita juu yao, droo zikatetemeka. Mzee alifungua kitambaa chake cha buluu mezani, akaiweka sawa kalkuleta yake juu yake.

"Chihaya hunipigia simu siku ujumbe usipofika tu."