Mbuzi wa Pembe Moja

Foleni ya watoto ilifika hadi mlangoni, kila mmoja na kitabu kilichopata tuzo. Bwana Shekue, mwandishi, alitia saini huku akitabasamu. Mkunde, aliyechora picha zote za kitabu hicho, alikaa kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwambia asogee mbele.

"Nichoree yule mbuzi wa pembe moja," msichana mmoja akamwambia mwandishi. "Kwenye maneno hayupo, lakini kila picha yupo."

"Huyo nilimficha makusudi," Bwana Shekue akasema.

Mkunde akamtazama. Mbuzi huyo alikuwa wa mama yake, na alichinjwa siku walipomzika mama.

Mwandishi akajaribu kuchora, kikatoka kitu kama stuli. "Dada Mkunde, hebu njoo. Huyu hunisaidia picha."

Mkunde akainama, akavuta mistari michache, na mbuzi akatokea.

"Na yeye atie saini," msichana akasema.

"Saini ni ya mwenye kitabu, mwanangu," mwandishi akamjibu.

Bwana Shekue akaichukua kalamu, akaandika jina lake kubwa chini ya kwato. Kiganja chake kikapita juu ya pembe, wino ukiwa haujakauka. Msichana akaanza kuupuliza ukurasa, akimtazama Mkunde.