Kielelezo cha Bwana Nukta

Jino lilikuwa limeng'olewa Jumatatu, na leo Alhamisi maumivu yako palepale. Bwana Nukta alikandamiza shavu kwa leso, akainamia cheti na lenzi yake.

Jina hilo alibandikwa na wenzake wa ofisi ya kuhakiki vyeti vya ng'ambo. Cheti kikipungukiwa nukta moja tu, kinarudi na mwenyewe. Alijifanya kukereka, lakini moyoni jina lilimpendeza mno.

"Muhuri wako uko kushoto, binti. Kwenye kielelezo uko kulia. Na mstari wa dhahabu hapa chini uko wapi?"

Binti aliyesimama dirishani alikuwa daktari wa meno, amerudi kutoka masomoni miezi miwili tu iliyopita. Hospitali ilimshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Bila barua ya ofisi hii, nafasi hiyo ingekwenda kwa mwingine.

"Chuo chetu hakina mstari wa dhahabu, mzee wangu. Hakijawahi."

"Wote husema hivyohivyo!" Bwana Nukta akacheka, kisha akashika shavu haraka.

Ndivyo ofisi ilivyofanya kazi. Cheti cha kwanza kuletwa kutoka chuo chochote kilitolewa nakala ya rangi, jina la mwenyewe likafunikwa kwa kipande cha karatasi ili kumtunzia siri, na vyote vilivyofuata vikapimwa kwa hicho. Kutoka chuo cha binti walikuwa wameshafuata saba. Bwana Nukta aliwarudisha wote saba, wengine machozi yakiwatoka, na wala hakukosa usingizi.

"Basi waandikieni chuo," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Wapelekeeni changu na hicho chenu. Nakuomba, mzee."

Kuviandikia vyuo ilikuwa kazi ya wenye shaka, na Bwana Nukta hakuwahi kuwa na shaka. Hata hivyo alikubali, ili tu amkomeshe.

Binti hakuondoka. Alikuwa akimtazama mdomo.

"Samahani, mzee. Ulipocheka nimeona pengo. Uvimbe uko nyuma yake kabisa. Wamekung'oa jino zima, bovu wameliacha."

"Ala! Unanifundisha kazi mpaka mdomoni mwangu?" Bwana Nukta alifoka, akajuta papo hapo, maana kufoka kuliuma. "Daktari wangu nilimhakiki mwenyewe, kwa macho haya! Cheti chake kilipokuja hapa, ofisi nzima tulisimama kukitazama."

Nyumbani, mkewe alimtazama akihangaika na kipande cha mkate kilicholowekwa kwenye chai.

"Nenda kwa daktari mwingine, baba watoto."

"Kwa mtu nisiyemhakiki? Thubutu! Wewe hujui cheti cha yule bwana."

"Sawa, ni kizuri. Basi kitafune."

Bwana Nukta alisukuma kikombe kando. Alimpigia simu daktari wake, naye akamtuliza vizuri sana: tatizo limehamia jino la mbele ya pengo, aje Ijumaa ya wiki ijayo, saa nane, waling'oe nalo. Bwana Nukta alimgeukia mkewe kwa ushindi. Mke akaenda zake kuosha vyombo.

Ijumaa hiyo, saa nane kasorobo, alikuwa ameshavaa koti pale barua pepe ya chuo ilipoingia. Aliisoma amesimama.

Cheti cha binti kilikuwa chao, tena alikuwa wa kwanza darasani. Kuhusu kielelezo, chuo kilisikitika kusema kwamba hakijawahi kumpa mtu yeyote karatasi ya namna ile.

Bwana Nukta akakaa. Saba! Aliwakumbuka mmoja mmoja, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Aliivuta karatasi, akaandika barua ya binti, akaipiga muhuri, akamsihi karani ampigie simu binti aje kuichukua sasa hivi. Na wale saba watafutwe, popote walipo.

Kisha akafungua kabati na kukitoa kielelezo. Mstari wa dhahabu ulimeremeta kama siku ya kwanza. Alitaka amjue huyo laghai aliyemchezea miaka yote hiyo. Akaingiza ukucha chini ya kile kipande cha karatasi, akakibandua polepole, akalisoma jina.

Simu yake ikalia. Jina lilelile likawaka kwenye kioo.

"Mzee, umekwama wapi?" sauti ikauliza kwa uchangamfu. "Njoo bwana, koleo nimeshaichemsha."