Sauti ya Siwatu Jikoni

Siku hizo, mtoto akienda kuishi chuoni, sauti yake ilibaki nyumbani kwenye kijisanduku, ikiongea na kutania kama yeye, wazazi wasione upweke. Siwatu aliiweka yake juu ya kabati la vyombo, maana mama yake, Bi Semeni, mjane, hakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye.

Chuoni alipokewa kwa vigelegele. Akatandika shuka lake la maua, akalinyoosha mpaka Nambua, mwenzake wa chumbani, akamwambia, "Shoga, hicho kitanda cha kulalia au cha maonyesho?" Wakacheka hadi machozi.

Jioni akampigia mama yake.

"Mama, nimefika salama. Umekula?"

"Ndiyo nakula, mwanangu."

Nyuma ya mama, Siwatu akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kijisandukuni: "Mama, ndizi hizo na tui lote hilo, unazifundisha kuogelea?"

Bi Semeni akaangua kicheko, kicheko ambacho hakikusikika tangu baba afariki. Akajibu utani, akajibiwa, wakaendelea.

Siwatu alifurahi, kweli alifurahi. Akatulia na simu sikioni, akingoja wanyamaze kidogo apate kuaga.