Karatasi ya Tatu

Poni aliishika karatasi ya kura ya kikundi chake mpaka ikalowa jasho. Karatasi zilikuwa tatu, zimekunjwa, na moja tu ilikuwa na alama nyekundu ndani. Kikundi ambacho kingeipata alama hiyo kingekwenda nyumbani na mashine ya kusaga. Wanawake wa kwao Lurujo walikuwa wakibeba mahindi kichwani kwenda kusaga Koboko mjini, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Mwenyekiti wa kikundi cha Ludara alifungua yake. Haikuwa na kitu. Yule wa Pajulu, aliyetoka Arua alfajiri, akafungua. Nayo nyeupe.

Poni akapiga vigelegele.

“Mama, ngoja kwanza,” alisema bwana wa kilimo aliyesimamia kura. “Yako hujafungua.”

“Kufungua ya nini? Karatasi iko tatu, alama iko moja. Hawa wawili hawana. Sasa hiyo alama itaenda wapi?”

Bwana wa kilimo alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Poni alikuwa amekwisha kupanda lori lililoileta mashine, karatasi bado imekunjwa kiganjani, akiipapasa ile mashine.

“Dereva,” alisema, “lete kamba tuifunge vizuri.”