Hodi ya Tatu

Sheria ni kwamba sauti za marehemu hukaa kwenye seva ya mbali mpaka arobaini, ndipo familia huzipakua. Programu ya kuzipakua sauti za mama niliiandika mwenyewe, maana mafundi wa siku hizi ni porojo tupu. Mafaili thelathini na tisa yalishuka bila shida. La arobaini likagoma asubuhi nzima.

Nikampigia Kitwana, msimamizi wa seva.

"Programu yako haina kosa, dada," alisema. "Inapima ukubwa wa faili kabla ya kulivuta na baada ya kulivuta, na vipimo havilingani. Faili linazidi kukua."

"Linakuaje? Mama tumemzika."

"Kuna mtu bado anarekodi."

Nikafungua kile kipande kilichokwisha kushuka. Ilikuwa sauti ya mama, pamoja na kikohozi chake kikavu. "Hodi." Kimya kirefu. "Hodi."

Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka. Nikaziba mdomo kwa mkono, nikangoja.

"Hodi."

"Karibu! Pita ndani!" akaitikia mama mdogo kutoka jikoni, kwa mazoea tu, akiwa anakanda unga.

Papo hapo kioo cha kompyuta kikaandika: limepokelewa. Nikatazama kwenye seva. Faili la arobaini halikuwako tena.

Mama mdogo akachungulia sebuleni. "Mgeni yuko wapi?"

Chumbani kwa mama, mtu akakohoa.